Ajali haina kinga? Mambo ya Titanic ambayo sinema haikutuambia sisi kina mama

1.
 

Leo naacha chanjo na uji wa lishe. Leo naongelea Titanic. Ndiyo, ile meli.

Sababu ni msemo mmoja tunaoupenda sana: ajali haina kinga. Tunausema msibani, tunausema hospitalini, tunausema hata mtoto akiungua na maji ya moto yaliyoachwa sakafuni. Mimi kama nesi msemo huu umenichosha, na nitakueleza kwa nini kwa kutumia ajali ambayo kila mtu anadhani anaijua.

Posti ni nyingi kidogo. Kama unanyonyesha, kaa vizuri, egemea mto, twende.

2.
Kwanza tukumbushane haraka. Titanic ilitoka Southampton, Uingereza, tarehe 10 Aprili 1912, ikielekea New York. Usiku wa tarehe 14 Aprili, saa 5:40, iligonga mlima wa barafu katikati ya Atlantiki. Saa 8:20 usiku huohuo ikawa imezama. Ndani yake walikuwemo watu kama 2,200. Waliopona ni 700 na kidogo. Waliobaki, kama 1,500, hawakurudi.

Hesabu vizuri hapo: tangu kugonga mpaka kuzama ni saa 2 na dakika 40. Huo ni muda mrefu. Unaweza kupika maharage yakaiva. Kwa hiyo swali langu la leo halihusu barafu. Swali langu ni hili: ndani ya muda wote huo, kwa nini watoto wengine walitolewa na wengine wakabaki?

3.
Najua wengi mmeijua Titanic kwa Jack na Rose, ile filamu ya mwaka 1997. Pole, Jack na Rose hawakuwepo. Walitungwa.

Ila kuna jambo la kuchekesha na kusikitisha. Huko Halifax, Kanada, kuna makaburi yanaitwa Fairview Lawn, walikozikwa wengi waliopatikana baharini. Jiwe moja limeandikwa J. Dawson. Filamu ilipotoka watu wakaanza kumiminika na maua wakidhani ndiye Jack. Kumbe ni Joseph Dawson, kijana aliyefanya kazi ya kusogeza makaa ya mawe kule chini kwenye mitambo.

Kwenye makaburi hayohayo kuna kaburi la mtoto mdogo ambalo nitalirudia mwishoni. Lishike hilo.

4.
Wengi wanajua kwamba boti za kuokolea watu hazikutosha. Zilikuwa 20, zenye nafasi ya watu 1,178 tu. Nusu ya waliokuwemo na kidogo juu.

Usilolijua huenda ni hili: Titanic haikuvunja sheria. Ilikuwa na boti ZAIDI ya zilizotakiwa. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilihesabu boti kwa ukubwa wa meli, na ngazi ya mwisho kwenye hesabu hiyo ilikuwa meli ya tani 10,000 na kuendelea. Titanic ilikuwa na zaidi ya tani 46,000. Meli zilikua, sheria ikabaki palepale. Kwenye makaratasi kila kitu kilikuwa sawa kabisa.

Na hata hizo chache hazikujaa. Boti ya kwanza kushushwa ilikuwa na nafasi ya watu 65, ikaondoka na watu kama 28. Nyingine yenye nafasi 40 ikaondoka na watu 12. Kumi na wawili! Kwa jumla nafasi zaidi ya 400 hazikutumika.

Kwa nini? Abiria hawakuwahi kufanyishwa zoezi hata mara moja. Hakuna aliyeambiwa, "mama, boti yako wewe na wanao ni ile pale." Wengi mwanzoni waligoma kabisa kupanda. Meli kubwa inawaka taa, muziki unapigwa, wewe uingie kwenye kiboti kinaning'inia gizani juu ya bahari? Hata mimi ningesita.

5.
Sasa twende kwa watoto. Hizi ni hesabu za ripoti ya uchunguzi wa Uingereza ya mwaka 1912.

Watoto wa daraja la pili walikuwa 24. Wakapona wote 24.
Watoto wa daraja la tatu walikuwa 79. Wakapona 27. Watoto 52 wakafa.

Daraja la kwanza anajulikana mtoto mmoja tu aliyekufa, na habari zake zinakuja.

Kina mama nao: wanawake wa daraja la kwanza walikuwa 144, wakafa 4. Wa daraja la tatu walikuwa 165, wakafa 89.

Tunaambiwa usiku ule amri ilikuwa "wanawake na watoto kwanza". Lakini linganisha: wanaume wa daraja la kwanza waliopona ni 57 kati ya 175, kama theluthi moja. Watoto wa daraja la tatu waliopona nao ni kama theluthi moja. Yaani mtu mzima mwenye tiketi ya juu na mtoto mwenye tiketi ya chini walikuwa na nafasi karibu sawa ya kuiona asubuhi.

Mbwa watatu waliokolewa pia. Sina ugomvi na mbwa. Nasema tu.

Barafu haikuuliza mtu tiketi yake. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba watoto hawa waliuawa na barafu peke yake.

6.
Hapa kuna kitu kilichonigusa kama mtu wa afya.

Sheria za uhamiaji za Marekani zilitaka abiria wa daraja la tatu watengwe na wengine melini. Sababu? Kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Kabla ya kupanda walikaguliwa macho, kutafuta vikope, na nywele, kutafuta chawa. Kwa hiyo vile vizuizi na mageti kati ya madaraja viliwekwa kwa jina la afya.

Tena afya yenyewe ilikuwa ya upande mmoja. Abiria wa daraja la tatu walikuwa kama 700, na mabeseni ya kuogea walipewa mawili. Moja la wanaume, moja la wanawake.

Boti zote zilikuwa juu kabisa. Kutoka vyumba vya chini hadi huko hapakuwa na njia moja iliyonyooka. Ilibidi upite korido ndefu, upande ngazi, ukatize maeneo ya daraja la pili au la kwanza ambayo siku zote uliambiwa si yako. Wengi hawakujua Kiingereza. Mama ana watoto watano, usingizi umewajaa, maji yanapanda, na hasomi kibao hata kimoja.

Mhudumu mmoja, John Hart, alifanya kitu rahisi sana: alikusanya kina mama na watoto wa daraja la tatu, akawaongoza mwenyewe mpaka juu. Akashuka tena, akachukua kundi la pili. Watu hamsini na kitu wakafika kwenye boti kwa sababu mtu mmoja aliwaonesha njia. Je, wangekuwepo kina Hart kumi?

Uchunguzi wa Uingereza ulisema daraja la tatu halikubaguliwa kwa makusudi. Sawa. Ila uchunguzi huohuo haukumwita hata abiria mmoja wa daraja la tatu kutoa ushahidi. Mimi naona huhitaji roho mbaya ili mtoto afe. Inatosha mpango wako usimkumbuke.

7.
Kuna lingine ambalo wengi hawalijui: wengi hawakufa kwa kunywa maji. Majaketi ya kuokolea yalikuwepo ya kutosha, na wengi waliopatikana walikuwa wameyavaa, wanaelea. Kilichowaua ni baridi. Maji yalikuwa kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Ndiyo, maji ya chumvi yanafika huko bila kuganda. Ndani ya maji ya hivyo, mtu mzima mwenye nguvu zake wengi hawafikishi nusu saa.

Mtoto je? Mtoto anapoa haraka kuliko wewe. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, mafuta yake mwilini ni machache, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Ndiyo maana ukijifungua, kabla hatujakupongeza, tunamkausha mtoto, tunamvisha kofia, tunamlaza kifuani kwako ngozi kwa ngozi. Wewe unadhani ni mapenzi tu. Ni mapenzi, na ni tiba.

Kwa hiyo mtoto akiloa, iwe mvua, iwe kaangukia maji: mvue nguo mbichi zote, mkaushe, mweke kifuani kwako, mfunike wote wawili, kichwa chake kiwe na kofia, mnyonyeshe kama ananyonya. Akilegea, akawa hanyonyi, au mwili wa baridi haupati joto, njoo kituoni haraka. Usingoje kukuche.

8.
Mnaoniambiaga "nesi, pombe kidogo inapasha moto," hii ni yenu.

Titanic ilikuwa na mwokaji mikate mkuu, Charles Joughin. Yeye mwenyewe aliuambia uchunguzi kwamba usiku ule alipata kinywaji, na kwamba alikaa majini muda mrefu sana akapona. Basi dunia nzima ikashika kwamba pombe ndiyo ilimwokoa.

Hapana. Pombe inapanua mishipa ya ngozi, damu yenye joto inakimbilia juu, ndiyo maana unahisi moto. Lakini joto hilo linatoka mwilini linakwenda zake. Unahisi joto huku unapoa. Joughin alipona pamoja na pombe, haikuwa kwa sababu ya pombe. Na kwa mtoto, asipewe hata tone, wala asipakwe.

9.
Yule mtoto wa daraja la kwanza aliitwa Loraine Allison, wa Kanada, miaka 2. Alikuwa na mdogo wake mchanga, Trevor, na mlezi aliyekuwa akimtunza.

Katika vurugu za usiku ule mlezi akaondoka na Trevor, wakaingia kwenye boti, wakapona. Baba na mama hawakuwa nao. Inasimuliwa kwamba mama hakukubali kuondoka bila kujua kichanga wake yuko wapi, na Loraine akabaki naye. Wakafa baba, mama na Loraine. Trevor alikuwa salama muda wote.

Familia hii ilikuwa na pesa, chumba kizuri, boti ziko karibu. Kitu walichokosa ni makubaliano ya dakika mbili: nani anamshika nani, na tukipoteana tunakutana wapi.

Hebu niambie, nyumbani kwako moto ukiwaka saa 8 usiku, nani anambeba mdogo? Nani anamwamsha mkubwa? Dada wa kazi anajua atokee mlango upi? Funguo za geti zinakaa wapi? Mnakutana chini ya mti gani? Kama hamjawahi kuliongea, basi kwenye hilo mpo sawa na kina Allison.

10.
Hii nyingine ni ya Ufaransa. Wavulana wawili, Michel, hajafika miaka minne, na Edmond, miaka 2. Baba yao alikuwa ametengana na mama yao, Marcelle. Akawachukua watoto bila mama kujua, akakata tiketi kwa jina la uongo la Hoffman, wakapanda Titanic.

Usiku ule baba akawapitisha kwenye boti karibu ya mwisho kabisa. Yeye akabaki, akafa.

Watoto wakafika New York. Hawajui Kiingereza. Hawawezi kusema wao ni nani wala kwao ni wapi. Nyumbani waliitwa Lolo na Momon tu. Jina lililoandikwa kwenye orodha ni la uongo. Dunia ikawaita yatima wa Titanic. Abiria aliyenusurika, Margaret Hays, aliyejua Kifaransa, akawatunza, na picha zao zikatoka magazetini mpaka Ulaya. Mama yao akawatambua gazetini! Mei 1912 alivuka bahari akawachukua. Michel aliishi mpaka mwaka 2001.

Sasa nikuulize. Mwanao ukimuuliza jina anasema "Junior". Baba yako? "Baba Junior." Mama yako? "Mama." Mnaishi wapi? "Nyumbani."

Mfundishe majina yake mawili, jina lako halisi, na namba ya simu. Imba naye kama wimbo wakati wa kuoga. Akifika miaka mitatu na nusu, minne, anaweza. Na ukisafiri na mdogo asiyeongea, andika namba kwenye karatasi uishonee ndani ya nguo. Haikugharimu kitu.

11.
Mtoto ni nani? Usiku ule swali hili liliua.

Ofisa Lightoller, aliyesimamia boti za upande mmoja, aliichukua amri kuwa wanawake na watoto PEKEE. Alipofika John Ryerson, mvulana wa miaka 13, akataka kumzuia. Baba yake ikabidi asimame kidete kwamba huyu ni mtoto, ataenda na mama yake. Akapita. Ofisa akasema wavulana basi.

Mama mmoja wa daraja la tatu, Rhoda Abbott, alikuwa na wanawe wawili, wa miaka 16 na 13. Aliona hawatapewa nafasi, hakutaka kuwaacha. Meli ilipozama waliingia majini wote watatu. Yeye akavutwa kwenye boti moja iliyojaa maji, akapona. Wanawe hawakupona.

Sisi nasi tunayo hii. Mvulana akifika miaka 12 tunamwambia "wewe ni mwanaume sasa". Kwenye safari tunamshika mdogo, mkubwa "atajiju". Mtoto wa miaka 13 ni mtoto. Naye awe na mtu wake kwenye mpango wenu, naye avae jaketi.

12.
Nimekuchosha na huzuni, ngoja nikupe upande wa pili.

Meli iliyowaokoa iliitwa Carpathia. Nahodha wake Arthur Rostron aliamshwa usiku na habari kwamba Titanic inazama. Ilimchukua kama saa tatu na nusu kufika. Alichofanya ndani ya saa hizo, sisi wauguzi tungekiweka ukutani.

Alizima joto na maji moto ya vyumba vya abiria wake ili mvuke wote uende kwenye injini. Melini kulikuwa na madaktari watatu, Mwingereza, Muitaliano na Mhungaria. Kila mmoja akapangiwa ukumbi wake wa kupokea watu, na hao wa daraja la tatu nao wakapewa ukumbi na daktari wao. Supu, chai na kahawa vikawekwa jikoni. Mablanketi yakasogezwa milangoni. Na hiki ndicho kilichoniliza: aliagiza mifuko ya turubai iandaliwe ya kuvutia watoto juu, kwa sababu alijua mtoto hawezi kupanda ngazi ya kamba.

Yaani mtu yuko gizani, anakwepa barafu, hajui atakuta nini, na bado anawaza: watoto watapandaje?

Kwenye Carpathia hiyohiyo kuna mama, Leah Aks, aliyempata mwanawe Frank wa miezi 10. Kule Titanic mtoto alikuwa amenyakuliwa mikononi mwake akatupwa kwenye boti, mama akaingia nyingine. Usiku mzima alijua amempoteza. Baadaye alizaa binti, na inasimuliwa kwamba alitaka aitwe Sarah Carpathia kwa shukrani, ila waliojaza cheti wakachanganya wakaandika Sarah Titanic. Makosa ya majina kwenye vyeti hayakuanza leo, jamani.

13.
Kuna watu wataniambia, "Nesi, siku ikifika imefika." Naheshimu imani yako, na mimi naomba kila siku. Ila sikiliza hii.

Titanic ilikuwa na mdogo wake, Britannic, karibu sawa kwa umbo na ukubwa. Ilizama tarehe 21 Novemba 1916 huko Bahari ya Aegean baada ya kugonga bomu la majini wakati wa vita. Ilikuwa meli ya hospitali. Ilizama kwa dakika 55 tu, haraka kuliko Titanic. Ndani yake walikuwemo watu zaidi ya 1,000. Waliokufa ni 30.

Kweli, ilikuwa asubuhi, maji hayakuwa ya barafu, na nchi kavu ilikuwa karibu. Lakini pia boti zilitosha watu wote, kwa sababu Titanic iliwafundisha. Na wengi wa wale 30 walikuwa kwenye boti zilizoshushwa mapema bila amri, zikavutwa na mapangaboi.

Kati ya waliopona Britannic alikuwepo mhudumu wa Msalaba Mwekundu, Violet Jessop. Huyu ndiye shujaa wangu. Alikuwa pia kwenye Titanic, ambako alikabidhiwa kichanga asichokijua akakikumbatia usiku kucha. Na mwaka 1911 alikuwa kwenye Olympic, dada yao mkubwa, ilipogongana na meli ya kivita. Meli tatu! Utotoni aliugua kifua kikuu na madaktari walishamkatia tamaa. Alifariki mwaka 1971, mzee kabisa.

Meli zilikuwa ndugu. Tofauti ya maandalizi ikawa sehemu kubwa ya tofauti ya makaburi.

14.
Turudi Halifax, kwa kaburi la mtoto.

Siku chache baada ya ajali, meli ya Mackay-Bennett ilitumwa kukusanya miili. Wakampata mtoto wa kiume, mdogo sana. Hakuna aliyekuja kumdai. Mabaharia wale, watu wagumu waliozoea bahari, wakachanga pesa zao wakamzika na kumwekea jiwe. Kwa miaka 90 na zaidi akaitwa Mtoto Asiyejulikana.

Nguo za marehemu zilichomwa moto ili watu wasizigeuze kumbukumbu za kuuza. Lakini askari polisi mmoja aliyekuwa zamu alishindwa kuchoma viatu vidogo vya ngozi vya yule mtoto. Akavihifadhi. Familia yake ikavitoa kwa jumba la makumbusho la Halifax mwaka 2002.

Mwaka huohuo vipimo vya vinasaba vilisema ni mtoto wa Kifini wa miezi 13. Ila viatu vilikuwa vikubwa mno kwa mtoto wa umri ule. Mama yeyote angeona. Vipimo vikarudiwa, na mwaka 2007 ikajulikana: ni Sidney Goodwin, Mwingereza, miezi 19. Walikuwa baba, mama na watoto sita wa daraja la tatu, wakienda kuanza maisha mapya Marekani. Hakupona hata mmoja. Familia ya Sage, baba, mama na watoto tisa, nayo iliisha yote.

Sisemi mama yake Sidney alikosea popote. Alilipa nauli, akavalisha wanae viatu, akapanda meli iliyosifiwa dunia nzima. Yeye alitimiza sehemu yake. Waliokosea ni waliohesabu boti kwa tani badala ya kuhesabu vichwa.

15.
Hapo ndipo msemo wetu unaponikera. Msibani, "ajali haina kinga" ni blanketi. Linamfunika mfiwa asijilaumu. Siligusi. Lakini siku ya arobaini ikipita, blanketi lileile linamfunika mwenye boti aliyejaza kupita kiasi, na mkaguzi aliyegeuza uso.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Atlantiki kulijua hili. MV Bukoba, Ziwa Victoria, 21 Mei 1996. Spice Islander, kati ya Unguja na Pemba, Septemba 2011. MV Nyerere, jirani kabisa na Ukara, Septemba 2018. Zote tulilia, zote tukasema ajali haina kinga. Wazee walituachia na msemo mwingine, tahadhari kabla ya athari. Huo mbona hatuutumii?

Baada ya Titanic, mataifa yalikutana London, na mwaka 1914 wakasaini mkataba wa usalama wa baharini: boti za watu wote, mazoezi, redio isiyolala. Kwa hiyo kinga ilikuwepo. Ilikuja tu ikiwa imechelewa kwa watoto 52 na zaidi.

16.
Basi nikuombe mambo manne, wiki hii hii.

Moja, kaeni na baba watoto, hata dakika tano, mkubaliane nani anamshika nani na mnakutana wapi. Dada wa kazi awepo kwenye kikao.

Mbili, mfundishe mtoto majina yake, jina lako na namba ya simu.

Tatu, ukipanda boti au kivuko, kabla ya kutafuta kiti cha dirishani, uliza majaketi ya watoto yako wapi. Mtoto anataka la saizi yake, la mtu mzima linamvuka kichwani. Wakikwambia hayapo, sema kwa sauti, wengine wasikie. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi na unaweza kusubiri kinachofuata, subiri. Najua si kila mtu anaweza, nauli ni nauli. Ndiyo maana wanaopaswa kubanwa kwanza ni wenye vyombo na wenye mihuri, kabla ya mama mwenye mtoto mgongoni.

Nne, mwenzio akifiwa, mfariji kwa maneno yoyote yanayotoka moyoni. Ila ukikaa kwenye kikao cha mtaa, cha shule, cha kijiji, na mtu akasema ajali haina kinga ili mjadala uishe, muulize kwa adabu: boti zilikuwa ngapi, na watoto walikuwa wangapi?

Niandikieni kwenye maoni: nyumbani kwenu mnakutanaga wapi kukitokea hatari? Kama hamna jibu, jibuni kesho mkishaongea. Mtumie na mama mwenzio anayesafiri na watoto likizo hii.

Wiki ijayo tunarudi kwenye uji. Usiku mwema.